Wewe ni wa Nani?

Kalemng'orok wanaosoma blogu ni wachache, lakini hakuna mtu asiyejua chapa ni nini. Mtoto anayechunga mifugo hapa kwetu anaweza kumtazama ng'ombe aliye mbali akakwambia ni wa ukoo gani, kwa kuangalia tu alama iliyochomwa mwilini. Kwa Kiturkana alama hiyo inaitwa emachar. Na neno hilohilo, emachar, ndilo tunalotumia kwa ukoo. Hatuna maneno mawili. Ukimuuliza Mturkana ukoo wake, umemuuliza chapa yake.

Nimetembea na jambo hilo kichwani kwa miaka kadhaa, kwa sababu kazi yangu ni kuandika, na mwandishi asiye na mwajiri siku hizi haishi kuambiwa ajenge chapa. Wenyewe wanaiita brendi. Jenga brendi yako. Jitofautishe. Jiuze, hakuna atakayekuuza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandao umeipindua methali hiyo: sasa kizuri kisipojitembeza kitaozea rafuni, na kibaya kinachojua kujitembeza kina wafuasi laki mbili.

Wakati mmoja nilihudhuria mafunzo ya siku mbili Lodwar, katika ukumbi wenye feni moja na watu arobaini. Mkufunzi alikuwa ametoka Nairobi, kijana mchangamfu, viatu vyeupe ambavyo kufikia saa nne asubuhi vumbi lilikuwa limeshavipa rangi yake. Alitugawia karatasi, kila mtu aandike maneno matatu yanayomweleza. Msichana aliyekaa kando yangu aliandika: mcha Mungu, mchapakazi, mrembo. Mimi, kwa mzaha, niliandika Kalemng'orok mara tatu. Mkufunzi alisoma, akacheka kwa upole, akaniambia: "Hiyo ni anwani, dada. Sio brendi."

Makala haya ni jibu langu kwake. Nimechelewa kidogo, lakini si unajua mtandao wetu.

Kalemng'orok, kwa wasiopajua, ni mji mdogo wa Turkana Kusini, kando ya barabara kuu inayotoka Kitale. Ukivuka Marich unaacha milima ya Pokot, unaingia Kainuk, sehemu ambayo kwa miaka mingi magari yalipita kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Ukiendelea kaskazini unatufikia sisi, kisha Lokichar, kisha Lodwar, na ukizidi kukaza mwendo, Kakuma. Hapa malori yanasimama, madereva wanakula, wanasukuma tairi kwa teke moja la kupima upepo, wanaondoka. Kina mama wanauza makaa kando ya lami. Ukishuka kwenye gari ukitokea kusini, wazee bado watakuuliza kwa utani: "Kenya wanaendeleaje?"

Nilirudi hapa mwaka 2021, nikiwa nimeacha chuo kikuu mwaka wa tatu. Hadithi yenyewe ni fupi, na wengi wenu mna ya kwenu inayofanana nayo: karo ilibaki, mkopo wa serikali haukutosha, jina likatolewa kwenye orodha ya mtihani. Nikafunga begi. Nilikuwa na simu yenye ufa kwenye kioo, kompyuta mpakato iliyokataa kuwaka bila waya, na Kiingereza cha kutosha kuandikia watu nisiowajua.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye hasla ya kuandika maudhui. Kazi yenyewe iko hivi. Kampuni ya kutengeneza mapaa kule Marekani inataka ionekane kwenye Google mtu akitafuta "paa linavuja". Inamlipa wakala. Wakala anamlipa mtu mwingine, naye ananilipa mimi dola tatu kwa maneno mia tano. Kwa miaka miwili niliandika kuhusu chakula cha mbwa wazee, kuhusu mazulia, kuhusu jinsi ya kuondoa theluji kwenye paa bila kujivunja mgongo. Theluji niliiandikia angalau mara ishirini, Kalemng'orok ikiwa nyuzi joto 37, simu ikichajiwa kwa sola ya duka la jirani kwa shilingi ishirini. Nilikuwa mtaalamu wa theluji. Jina langu halikuwa popote. Makala yalikuwa yakisema yameandikwa na mzungu mmoja mwenye tabasamu, ambaye pengine naye hakuwepo.

Mwanzoni mwa 2022 nikafungua blogu. Sikulipa chochote: nilichagua ile huduma ya bure, kiolezo cheupe, herufi nyeusi, basi. Nilitaka sehemu moja duniani ambayo nikiandika sentensi, sentensi hiyo iwe na mwenyewe. Na kwa kuwa kila nilichosoma kilisema blogu ni mwanzo wa brendi, nikafuata maelekezo. Chagua mada moja. Chapisha siku ileile kila wiki. Weka picha. Weka ukurasa wa "Kunihusu". Andika vichwa vyenye namba.

Maelekezo hayo mengi ni ya kweli, nisiwadanganye. Kuchapisha kila Alhamisi kulinifundisha kumaliza, ujuzi ambao chuo hakikunifundisha. Makala ishirini zenye jina lako ni barua ya maombi ya kazi ambayo mhariri anaweza kuisoma saa nane usiku wewe ukiwa umelala. Unapomwandikia mhariri Nairobi, humwambii "mimi ni mwandishi mzuri, nina ari." Unamtumia viungo viwili, unanyamaza. Kwa mtu asiye na cheti, hilo si jambo dogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza digrii baada ya kusoma.

Lakini kulikuwa na swali ambalo maelekezo hayakuligusa: ninauza nini hasa? Maana nikitaja Turkana tu, msomaji tayari ana picha yake, na si mimi niliyempa.

Brendi ya Turkana ilijengwa kabla sijazaliwa, na walioijenga hawakutuuliza. Wakoloni waliifanya wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali, kisha wakaigeuza mahali pa kumtupa mtu asahaulike: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, akawekwa Lodwar hadi 1961. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la kuona mfupa pale wengine walipoona jiwe, aliokota kipande cha fuvu karibu na mto Nariokotome, na dunia ikapata "Turkana Boy", mifupa ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 2011 ukaja ukame, na kampeni ya Kenyans for Kenya, watu wakatuma pesa kwa M-Pesa wakiwa na picha zetu kwenye magazeti. Mwaka 2012 mafuta yakapatikana kwenye kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar, tukawa tena habari. Gereza, fuvu, njaa, mafuta. Hizo ndizo mada nne. Ukiwa mwandishi wa Turkana unaruhusiwa kuchagua moja.

Niliona hivyo kwenye takwimu za blogu yangu mwenyewe. Niliandika kuhusu mama anayeuza chapati kwa madereva na anayejua, kwa namna mtu anavyoagiza chai, kama lori lake limebeba mzigo au liko tupu. Wakasoma watu kumi na saba. Niliandika kuhusu mifugo iliyokufa kando ya barabara. Wakasoma zaidi ya elfu moja kwa siku mbili.

Na mifugo ilikuwa inakufa kweli. Ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo. Nyanya yangu alikuwa na mbuzi sitini na kitu. Kufikia Oktoba 2022 alikuwa na tisa.

Mwezi huohuo nilipokea barua pepe. Shirika moja, sitalitaja, lilikuwa limesoma lile chapisho la mifugo. Walipenda sauti yangu, wakasema ni ya kweli, inatoka ardhini. Walitaka nifanye kazi nao kwenye kampeni: hadithi moja ya mama mzee aliyeathirika na ukame, maneno mia nane, na picha. Maelekezo ya picha yaliambatishwa. Mama akae chini. Kama kuna sufuria, iwe tupu na ionekane. Asitabasamu. Jina lake litabadilishwa ili kulinda heshima yake. Langu lingewekwa chini ya hadithi, na picha yangu ndogo, na kiungo cha blogu. Malipo: shilingi elfu thelathini na tano.

Naomba uelewe elfu thelathini na tano ni nini. Ni makala mengi sana ya theluji. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu, ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo, na salio lilikuwa elfu kumi na nane. Mama alikuwa anauza makaa, na katika ukame kila mtu anauza makaa, kwa hiyo bei iko chini kama mbuzi wenyewe. Tena ilikuwa ndiyo ile nafasi inayosemwa na wakufunzi wote: jina lako mbele ya maelfu ya wasomaji wa ng'ambo. Brendi yenyewe, imepikwa, imewekwa mezani, kilichobaki ni kunawa mikono.

Nilikwenda kwa nyanya. Sikutaka kumfichia kitu, kwa hiyo nikamsomea barua yote, nikiitafsiri kwa Kiturkana mstari kwa mstari. Alisikiliza hadi mwisho huku akisugua tumbaku kiganjani. Kuhusu sufuria hakusema neno. Kuhusu kutotabasamu alicheka. Pale kwenye jina ndipo aliponisimamisha.

"Rudia hapo. Watalifanya nini jina langu?"

"Watalibadilisha, Nyanya. Watakupa lingine."

"Na uso ni wangu?"

"Uso ni wako."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtu anayempima mtoto darasani: "Mtu akimchukua mnyama wa mwenzake, akamwacha mwili vilevile, akabadilisha alama tu, sisi tunamwita nani?"

Sikumjibu. Jibu kila mtu hapa analijua.

Usiku ule niliwaandikia wale watu. Niliwaambia hadithi ninayo, na mama mwenyewe amekubali, ila kwa masharti yake: jina lake kamili, ukoo wake, atazame kamera, na asimulie mwenyewe mbuzi hamsini walikwenda wapi. Maana si wote waliokufa. Kumi na wawili aliwagawa mapema, kwa watu wenye malisho upande mwingine, kama walivyofanya mama zake, ili mvua ikirudi awe na mahali pa kuanzia kudai. Hilo lilikuwa jambo la maana kuliko sufuria. Mwanamke aliyekuwa ameona ukame ukija kabla ya ripoti yoyote, akaweka akiba yake kwenye miguu ya mbuzi na midomo ya watu.

Walinijibu kwa adabu baada ya siku tatu. Pendekezo langu halikuendana na mwongozo wa kampeni. Walinitakia kila la heri.

Mama hakufurahi. Sitaki kumfanya ndiye mbaya wa hadithi, kwa sababu alikuwa na hoja, na mpaka leo sijapata ya kuivunja. Alisema heshima hailipi karo. Alisema kuna watoto wangepata unga kwa sababu ya picha ile, na mtoto aliyeshiba hajali jina lililoandikwa chini yake. Alisema nyanya yangu ana miaka mingi na hana mtoto shuleni, kwa hiyo anaweza kusema mambo mazuri. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki tano. Alirudi shuleni kwa pesa za Fuliza, za makaa na za mapaa ya Marekani, ikiwa imebaki kidogo muhula uishe.

Ile hadithi ya nyanya niliichapisha kwenye blogu yangu, vile alivyotaka. Mwezi wa kwanza ilisomwa na watu mia tatu hivi. Ukilinganisha na mifugo iliyokufa, ni kushindwa. Lakini kulikuwa na tofauti moja niliyoichukua muda kuielewa. Wale elfu moja wa kwanza walisoma, wakaweka kile kikatuni cha uso unaolia, wakaondoka. Hawa mia tatu walikuwa wananiuliza maswali. Msichana wa Katilu anayefanya kazi za nyumbani Saudi Arabia aliniandikia: "Huyo nyanya si ndiye wa karibu na kile kisima cha zamani? Wewe ni wa nani pale?" Mwalimu mmoja wa Lodwar akanisahihisha jina la mti nililokuwa nimeliandika. Dereva wa lori aliyekula hapa miaka mingi akanisimamisha kando ya barabara, mdomo umejaa miraa, akauliza lilelile: "Dada, wewe ndiye unaandika? Kwani wewe ni wa nani?"

Wewe ni wa nani. Wakufunzi wa brendi hufundisha kujibu "wewe ni nani". Kuna herufi mbili tu kati ya maswali hayo, na ndani yake kuna kila kitu nilichojifunza kuhusu kazi hii.

Alama ya ng'ombe haimsifu ng'ombe. Haisemi ana maziwa mengi au pembe nzuri. Inasema: huyu akipotea, kuna watu watakaomtafuta, huyu akila shamba la mtu, kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Ni dhamana. Nami nikitazama majina makubwa yaliyotokana na blogu katika sehemu zetu hizi, naona mengi yalijengwa kwa namna hiyo, hata kama leo yanatajwa kama mifano ya mtu kujiuza.

Ndesanjo Macha, Mtanzania, alianza kublogu kwa Kiswahili wakati ambapo wengi waliamini intaneti haina haja na lugha hii, na akatumia blogu yake, Jikomboe, kuwavuta wengine waanzishe za kwao. Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti. Blogu aliyoianzisha 2005 ikawa dirisha ambalo Watanzania wa ughaibuni walichungulia nyumbani: harusi, misiba, mitaa ya Dar. Ory Okolloh alikuwa na blogu yake, Kenyan Pundit. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, aliandika pale akiomba watu wa teknolojia wasaidie kuweka kwenye ramani ghasia zilikokuwa zinatokea. Wakajitokeza. Ndiyo Ushahidi hiyo, programu ambayo baadaye ilitumika nchi nyingi, na bado ina jina la Kiswahili.

Na mfano ninaoupenda zaidi uko barabara hii hii yangu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili, wengi wao wakijulikana duniani kwa namba ya kadi ya mgao. Mwishoni mwa 2008 baadhi ya wakimbizi, Waethiopia, Wakongo, Wasomali, Wasudani na wengine, pamoja na Wakenya, walianzisha chombo chao cha habari, Kakuma News Reflector, wenyewe wakikiita Kanere. Hawakuwa na mtambo wa kuchapa, wakatumia blogu. Waliandika kuhusu maji, usalama, mgao, kuhusu mashirika yanayoendesha maisha yao. Kabla ya hapo Kakuma ilikuwa imeandikwa sana, lakini na wageni wanaokuja na kuondoka. Kanere iliandikwa na watu ambao kesho yake wangepanga foleni moja na wasomaji wao. Huwezi kudanganya kuhusu foleni ambayo msomaji wako amesimama mbele yako.

Hiyo ndiyo chapa ninayoitaka. Lakini nisiipambe kupita kiasi, kwa sababu alama inayokutambulisha kwa jamaa inakutambulisha kwa kila mtu. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, mwanablogu akatakiwa kusajiliwa na kulipa jumla ya zaidi ya shilingi milioni mbili za kwao; wengi wakafunga. Hapa kwetu, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafia mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Daktari aliyemchunguza maiti alisema majeraha hayakubaliani na hadithi hiyo. Nilisoma habari ile nikiwa nimekaa kwenye benchi la duka la sola, nikingoja simu yangu ijae, na nilijua kila mtu anayechapisha kwa jina lake nchi hii alikuwa anafanya hesabu ileile niliyokuwa ninaifanya.

Kwa hiyo usiniambie brendi ni rangi na nembo. Uliza: siku nikishikwa, ni nani atakuja kuuliza niko wapi? Ojwang alikuja kuuliziwa na nchi nzima, vijana wakajaa barabarani. Ilikuwa imechelewa kwake. Lakini kama hawangekuja, lile la ukuta ndilo lingebaki kuwa ukweli.

Kuhusu pesa, kwa sababu najua ndilo unalotaka kusikia. Mwishoni mwa 2022 ChatGPT ilitoka, na kufikia katikati ya 2023 oda zangu za theluji zilikuwa zimekauka. Mashine inaandika theluji kwa sekunde kumi, haihitaji sola wala dola tatu. Rafiki zangu wengi niliokuwa nao kwenye kazi zile walipoteza kila kitu mwaka ule, na si kwa sababu walikuwa waandishi wabaya. Walikuwa wanaandika vitu visivyo na mwenyewe, kama nilivyokuwa naandika mimi, na kitu kisicho na mwenyewe hubebwa na anayepita.

Kilichonibeba mimi ni ile blogu ya watu mia tatu. Mhariri wa jarida moja alisoma kuhusu nyanya akanipa kazi ya kwanza yenye jina langu. Ikafuata ya pili. Kuna miezi napata vizuri, kuna miezi nakopa. Sijapata tena barua ya elfu thelathini na tano kwa maneno mia nane. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne. Mama bado anaikumbuka ile pesa, na kila tunapoishiwa unga ananitazama kwa namna fulani, naye ana haki.

Kama unaanza leo, nitakwambia ninachofanya, ukichukue au ukiache. Chapisha kwa siku moja isiyobadilika, hata kama hakuna anayesoma. Hifadhi nakala ya kila kitu mahali pengine, maana huduma ya bure inaweza kufungwa bila kukuaga. Ukipata shilingi elfu mbili hivi, nunua anwani yako mwenyewe. Kusanya barua pepe za wasomaji, kwa sababu wafuasi ni mali ya kampuni ya mtandao, lakini barua pepe ni yako. Mtu yeyote unayemwandika, msomee ulichoandika kabla hujakitoa, kwa lugha yake. Ikiwa unaogopa kumsomea, tayari una jibu. Na usikubali jina la mtu libadilishwe kwa sababu tu linarahisisha hadithi. Kuna wakati linabadilishwa ili kumwokoa, huo ni wakati mwingine, na mwenyewe atakwambia.

Halafu kuna ule ukurasa wa "Kunihusu". Wengi hujaza maneno matatu, kama kwenye karatasi ya yule mkufunzi: mwandishi, mbunifu, mpenda kahawa. Wangu umekaa hivi: mimi ni wa Ngipongaa, ukoo wa baba yangu. Nyumbani ni Kalemng'orok. Mama yangu anauza makaa upande wa kulia wa barabara ukitokea Kainuk, baada ya hoteli ya pili. Ukiona nimeandika uongo kuhusu watu hawa, shuka kwenye gari, umuulize yeye.